Mlango wa Wiki Sita

Mswahili aliyewahi kuhangaikia karatasi za ukaazi Uingereza anaijua Croydon kwa jengo moja: Lunar House, lile pande la saruji la ghorofa 20 pale Wellesley Road, ambako ofisi ya uhamiaji imewatoa watu jasho hata katikati ya Januari. Wengine walipata mhuri wakaenda zao, wengine wakabaki humuhumu. Sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya watu 390,000 katika manispaa hii, na hakuna manispaa nyingine ya London iliyoifikia kwa wingi wa watu.

Ipo safari nyingine ya Croydon isiyosimuliwa sana. Huanza na kichwa kinachogonga kila alfajiri, au mkono unaoangusha kikombe cha chai bila sababu, au kifafa cha ghafla kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka maishani. Gari la wagonjwa hukimbilia Croydon University Hospital, London Road, hospitali ambayo wenyeji wa siku nyingi bado huiita Mayday, jina lake la kabla ya 2010. Picha ya kichwa ikionyesha uvimbe, kesi huenda kwa mabingwa wa upasuaji wa ubongo, mara nyingi St George's, Tooting. Basi namba 264 kutoka West Croydon linapita Mitcham na kuwashusha jamaa karibu na lango, mabakuli ya chakula mkononi.

Idara hiyo ya Tooting ina asili yake. Kabla ya 2003 ilikuwa katika hospitali yake yenyewe, Atkinson Morley, juu ya kilima cha Copse Hill huko Wimbledon. Tarehe 1 Oktoba 1971, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe alilazwa pale ndani ya mashine ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuingizwa kabla yake. Ilikuwa CT-Scan ya kwanza duniani kwa mgonjwa, kazi ya mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI na daktari wa picha James Ambrose. Picha iliyotoka ilikuwa ya nukta 80 kwa 80 tu, chafu ukiilinganisha na za leo, lakini uvimbe ulionekana wazi upande wa mbele wa ubongo, kushoto. Hadi siku ile, ili kuona kilichomo ndani ya fuvu la mtu aliye hai ilibidi kumtesa kwanza. Miaka minane baadaye Hounsfield alipata tuzo ya Nobel.

Nimepitia kilima kile kwa sababu kuona ndiko kulikofungua njia kwa haya ninayotaka kuyaeleza: kutumia leza kuuchoma uvimbe ndani ya ubongo huku picha ya MRI ikiangalia, kisha kuiamsha kinga ya mwili imalizie kilichobaki. Watafiti wa Marekani wameyaunganisha haya mawili kwa wagonjwa ambao saratani yao ya ubongo imerudi. Habari zake zimeanza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na zikifika huko huwa zimekatwa nusu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Uvimbe wenyewe ninaouzungumzia unaitwa glioblastoma. Ni mkali kuliko saratani zote zinazoanzia kwenye ubongo wa mtu mzima, na kila mwaka zaidi ya watu 2,000 Uingereza huambiwa wanao. Hauna ganda. Unatambaa katikati ya nyuzi za ubongo kama mizizi ya mkwamba shambani, na daktari wa upasuaji anaweza kuondoa kila anachokiona kisha akaacha mamilioni ya seli asizoziona. Tangu 2005 matibabu yake ya msingi hayajabadilika sana: upasuaji, wiki sita za mionzi, na vidonge vya temozolomidi, dawa iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Aston mjini Birmingham. Utafiti uliopitisha utaratibu huo, ukiongozwa na Roger Stupp, ulihusisha wagonjwa 573. Waliopata mionzi peke yake waliishi wastani wa miezi 12.1, walioongezewa vidonge, miezi 14.6. Miezi miwili na nusu, na dunia ya madaktari ilishangilia, kwa maana kabla ya hapo hawakuwa na hata hiyo.

Kisha uvimbe hurudi. Hurudi karibu kila mara, na mara nyingi sentimita chache tu kutoka ulipokuwa. Ukisharudi, hakuna tiba moja ambayo mabingwa wote wamekubaliana nayo.

Majirani wa kaskazini mwa Croydon waliliona hili kwa mtu waliyemfahamu. Tessa Jowell alikuwa mbunge wa Dulwich na West Norwood kwa miaka mingi, na ndiye waziri aliyepigania michezo ya Olimpiki ya 2012 ije London. Aliugua glioblastoma mwaka 2017. Januari 2018 alisimama katika Baraza la Malodi, sauti ikimkwama, akaomba wagonjwa waruhusiwe kujaribu tiba mpya zaidi ya moja badala ya kufungiwa kwenye jaribio moja tu. Wajumbe wale, ambao kwa desturi hawapigi makofi, walipiga. Alifariki Mei mwaka huohuo. Serikali iliahidi pauni milioni 40 za utafiti wa uvimbe wa ubongo, na miaka mitano baadaye sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa haijatumika. Sioni namna ya kulieleza hilo kwa upole.

Sasa kinga. Sisi tuliokua wakati wa kampeni za UKIMWI tulifundishwa kwamba mwili una askari wake, na picha hiyo bado inafaa. Askari hao, hasa wale waitwao seli T, wana breki: kitufe juu ya ngozi ya seli ambacho kikibonyezwa, askari hutulia asije akashambulia mwili wenyewe. Saratani nyingi zimejifunza kukibonyeza. Dawa kama pembrolizumabu, ijulikanayo madukani kwa jina la Keytruda, hukikinga kitufe kile kisiguswe. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuigundua njia hii. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alipata saratani ya ngozi iliyokuwa imesambaa hadi kwenye ubongo mwaka 2015. Alifanyiwa upasuaji, akapata mionzi na pembrolizumabu, na kabla mwaka haujaisha picha zikaonyesha ubongo safi. Aliishi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Hadithi ya Carter imewafanya watu wengi waulize: kama dawa ile ilimponya yeye, kwa nini isimponye baba? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba saratani ya Carter ilikuwa mgeni kichwani, ilitoka kwenye ngozi, na glioblastoma ni mzaliwa wa nyumba. Jaribio kubwa lililochapishwa 2020 liliwachukua wagonjwa 369 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi. Nusu walipewa nivolumabu, ndugu wa pembrolizumabu, na nusu bevacizumabu, dawa isiyo ya aina hiyo. Waliopata dawa ya kinga waliishi wastani wa miezi 9.8. Wale wengine, miezi 10.

Ni vizuri kuelewa kwa nini ilishindikana, kwani leza inaingia hapohapo. Mishipa ya damu ya ubongo haikufumwa kama mingine. Seli zake zimeshikana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu haviupenyi ukuta ule, na hiyo ni rehema kwa siku za kawaida. Uvimbe nao una seli T chache mno ndani yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha jambo la kushangaza zaidi: kwa wagonjwa wa glioblastoma, seli T nyingi hujificha kwenye uboho wa mifupa, hazitoki kabisa kambini. Kisha ipo deksamethasoni, kidonge cha steroidi ambacho karibu kila mgonjwa wa uvimbe wa ubongo hupewa ili kupunguza maji yanayoufanya ubongo uvimbe. Inaokoa maisha, na kwa wakati uleule inawalaza askari. Kuondoa breki ya gari lisilo na dereva hakulipeleki popote.

Tuingie chumba cha leza. Mgonjwa yuko kwenye usingizi wa nusukaputi. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye fuvu na kufunga bolti ndogo ya kushikilia mwelekeo. Kupitia bolti hiyo anaingiza kijiti chembamba, milimita mbili au tatu hivi, chenye uzi wa kioo ndani yake na mfumo wa kupoza ncha isiunguze njia. Mgonjwa anasukumwa ndani ya MRI. Leza inawashwa, mwanga unageuka joto, na MRI, ambayo inaweza kusoma halijoto ya nyama kama inavyosoma umbo lake, inatoa picha mpya kila baada ya sekunde chache. Katika mtambo mmoja unaotumika sana, mistari ya rangi hujitokeza kwenye skrini na kupanuka taratibu. Wa njano unazunguka eneo lililopata joto la nyuzi 43 kwa dakika mbili, ambapo seli zimeanza kuumia. Wa buluu ni sawa na dakika kumi za joto hilo. Ndani ya mstari mweupe, sawa na dakika 60, hakuna seli itakayopona. Daktari anauangalia mstari wa njano ukisogelea eneo la usemi au la mkono, na anazima kabla haujagusa. Wengi hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili, na kovu lao linafunikwa na plasta ndogo.

Kwa muda mrefu faida iliyotajwa ilikuwa hiyo tu: kuufikia uvimbe uliokaa pabaya, kwa mtu asiyeweza kuvumilia kufunguliwa fuvu mara ya pili. Uvimbe mkubwa, wa zaidi ya sentimita tatu hivi, mara nyingi haufai kwa njia hii.

Kisha pakaonekana kitu kingine. Eric Leuthardt, daktari wa upasuaji wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, na David Tran, bingwa wa saratani za ubongo, walipima ukuta ule wa mishipa baada ya leza. Matokeo yao ya 2016 yalionyesha kuwa kandokando ya eneo lililochomwa ukuta unalegea. Unalegea zaidi mara tu baada ya leza, kisha unajifunga polepole, na kati ya wiki ya nne na ya sita umekwisha kurudi ulivyokuwa. Huu ndio mlango. Dawa zinaweza kupita kuingia, na vipande vya uvimbe uliokufa vinaweza kupita kutoka, kuelekea kwenye tezi za shingoni ambako seli T hujifunza sura ya adui.

Hapo ndipo wazo la kuunganisha lilipozaliwa: choma kwa leza, kisha mpe mgonjwa pembrolizumabu mlango ukiwa bado wazi. Uvimbe uliochomwa haujaondolewa, umeachwa palepale ukiwa umekufa, na mwili unaweza kuusoma kama mtu anavyosoma kitambulisho cha mwizi aliyekamatwa. Jaribio la St. Louis kwa wagonjwa ambao saratani yao imerudi lilianza miaka hiyohiyo. Ni jaribio la awamu za mwanzo, la wagonjwa wachache. Lina maana kubwa kwangu kwa sababu linaeleza kwa nini dawa ileile iliyoshindwa peke yake inaweza kufanya kazi ikipangwa kwa saa yake. Lakini dawa za saratani zimewahi kung'aa kwa wagonjwa arobaini na kuzimika kwa mia nne, na hilo lisemwe kwa sauti ileile tunayotumia kusema matumaini.

Na tazama ugumu wake. Leza yenyewe huleta uvimbe wa maji kichwani kwa siku kadhaa, na dawa ya kuushusha ni deksamethasoni, ileile inayowalaza askari tunaotaka kuwaamsha. Kwa hiyo daktari anatembea juu ya kamba: steroidi ya kutosha mgonjwa asipooze, na chini ya kiwango kitakachoua kazi ya kinga, huku wiki sita zikihesabika. Ukimwona bingwa anabishana na wenzake juu ya miligramu mbili za kidonge cha bei rahisi, ujue ubishi huo ni sehemu ya tiba.

Turudi kusini mwa London. Juni 2023, NHS, huduma ya afya ya umma, ilitangaza kwamba leza ya namna hii itatolewa katika hospitali mbili England, King's College Hospital pale Denmark Hill na Walton Centre ya Liverpool, kwa ajili ya kifafa kisichosikia dawa. Kwa kifafa, siyo kwa saratani. Lakini maana yake ni kwamba mashine, na mikono inayoijua, ipo upande huu wa Mto Thames.

King's ina historia yake na kinga pia. Profesa Keyoumars Ashkan wa hospitali hiyo aliongoza upande wa Ulaya wa jaribio la chanjo iitwayo DCVax. Uvimbe wa mgonjwa mwenyewe husagwa, seli zake mwenyewe za kinga huchujwa kutoka kwenye damu na kufundishwa kwa uji huo, kisha hurudishwa mwilini kwa sindano mkononi. Matokeo yalitoka Novemba 2022, wagonjwa 331 kutoka nchi nne. Kwa wale 64 waliopata chanjo baada ya uvimbe kurudi, wastani wa kuishi tangu uliporudi ulikuwa miezi 13.2, dhidi ya 7.8 kwa kundi la kulinganishwa. Takwimu zinatia moyo. Wakosoaji nao wana hoja nzito: kundi lile la kulinganishwa lilikusanywa kutoka majaribio mengine, kwani ndani ya jaribio lenyewe karibu kila mgonjwa aliruhusiwa hatimaye kupata chanjo. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na gharama yake ni kwamba jibu halikutoka safi.

Ukiziweka njia hizi mbili pamoja unaona mvutano ambao familia haziambiwi. Chanjo inahitaji nyama ya uvimbe, tena mbichi, iliyogandishwa kwa baridi kali tangu siku ya upasuaji. Utaratibu wa kawaida wa maabara ni kuichovya kwenye formalini na kuifunga kwenye nta, na ikishafungwa hivyo haifai tena kwa chanjo. Leza nayo haitoi nyama zaidi ya kinyama kidogo cha vipimo. Inaiacha ndani iwe darasa la mwili. Unachokichagua leo kinafunga au kufungua cha kesho.

Ndiyo maana nina ombi kwa ndugu zangu wa Croydon, Thornton Heath, Mitcham, na wale walioko Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ambao simu huwafikia usiku. Uvimbe ukirudi, jambo la kwanza huwa mchango. Kundi linafunguliwa, shangazi mmoja anakuwa mweka hazina, mtu anataja kiwanja cha Kigamboni kinachoweza kuuzwa, na mwingine amesikia kliniki ya kulipia inayotoa Keytruda. Tafadhali, kiwanja kisiuzwe kwa hilo. Dawa ya kinga peke yake, kwa glioblastoma iliyorudi, imekwisha kupimwa na haikuongeza hata mwezi mmoja. Kinachotafutwa katika utafiti mpya ni mpangilio: joto, mlango, dawa, steroidi kidogo, ndani ya wiki sita, chini ya timu moja. Ukinunua kipande kimoja hujanunua nusu ya tiba. Umenunua chupa ghali.

Mahali pa kugonga ni kwenye majaribio ya kitabibu, na majaribio ndani ya NHS hayamtozi mgonjwa. Muuguzi bingwa wa saratani za ubongo, ambaye kila mgonjwa anastahili kupewa jina na simu yake, ndiye wa kuulizwa lipi liko wazi, hapa au katika hospitali ya saratani ya Royal Marsden kule Sutton, jirani kabisa na Croydon. Aulizwe mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea mwenyewe, maana majaribio mengi hayampokei aliyekwisha kulala kitandani.

Na aulizwe kwa lugha mgonjwa anayoielewa. NHS inapaswa kutoa mkalimani wa Kiswahili ukimwomba mapema, bila malipo. Mtoto wa miaka kumi na mitano asisimamishwe katikati ya mama yake na daktari, akitafuta neno la kusema "umerudi" huku mama anamsoma machoni. Vilevile mgonjwa aambiwe wazi kuhusu leseni ya udereva: glioblastoma inakuondoa barabarani kwa angalau miaka miwili baada ya matibabu, hata kwa gari la kawaida. Kwa mwanamume anayelisha nyumba mbili kwa usukani wa basi au teksi, moja Croydon na moja Tanga, habari hiyo inaweza kumwangusha kuliko jina la ugonjwa, na familia ijiandae nayo.

Nyumbani Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inafanya upasuaji wa ubongo na taasisi ya saratani ya Ocean Road inatoa mionzi, na madaktari wao wanazijua tafiti hizi vizuri kama wa hapa. Anayetaka kurudi kuuguzwa karibu na mama yake hajakata tamaa. Aombe tu nakala ya picha na ripoti zake zote kabla ya kupanda ndege.

Jumapili hii pia kutakuwa na watu kwenye basi 264, wamefunika wali kwa kitambaa, wanakwenda Tooting kumwona mtu. Wabebe na daftari. Waandike maswali usiku wa kuamkia kliniki, wakiwa wametulia, kwa Kiswahili: Ni uvimbe, au ni kovu la mionzi linalofanana nao? Steroidi anazotumia zinaweza kushushwa? Lipo jaribio analoweza kuingia mwezi huu? Anafaa kwa leza? Na kama atapasuliwa tena Alhamisi, nani ameagizwa kuigandisha ile nyama?